Daraja letu bungeni: jinsi ya kuifuata siku moja ya kazi katika bunge la jimbo, Lubumbashi

Nauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, ambayo ni komini, yaani sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi kule Kongo, si ile nchi, na nyumba yetu iko komini ya Katuba, sehemu ya chini kule maji ya mvua yanakopitia. Katika likelemba yetu ya akina mama, kikundi cha kuchangiana pesa, mimi ndiye ninayeshika daftari. Kwa hiyo siku tulipokubaliana kwamba suala la daraja lipelekwe bungeni, macho yote yalinigeukia.

Daraja lenyewe ni miti minne iliyofungwa kwa waya juu ya mfereji mpana. Watoto wanalipita kwenda shule. Kuanzia Desemba, mvua zikikazana, maji yanapanda mpaka miti haionekani, na mama anasimama ukingoni akimwita mtoto wake jina, hatua kwa hatua, mpaka afike ng'ambo. Mimi mwenyewe nimesimama pale.

Nimekwisha kukaa bungeni siku nyingi sasa. Siku za mwanzo nilirudi mikono mitupu ingawa nilikaa kutoka asubuhi mpaka taa zinawashwa, kwa sababu nilisikiliza hotuba na sikufuata karatasi. Siku ya bunge ina karatasi mbili: ya asubuhi, inayosema nini kitajadiliwa, na ya jioni, inayosema nini kimekubaliwa. Katikati yake kuna maneno mengi, mengine mazuri sana. Lakini kartie, yaani mtaa, haijengwi kwa maneno ya katikati. Haya ninayoandika ni ya mtu anayetaka kwenda na suala la mtaa wake, la soko lake au la shule ya watoto wake, na arudi na kitu cha kuwasomea waliomtuma.

Ulizeni kwanza suala ni la nani

Kabla hamjachanga nauli, kaeni mjiulize kama suala lenu ni la jimbo, la Kinshasa, au la komini. Hapa watu wengi wanapoteza miezi. Katiba yetu ya mwaka 2006 imegawa kazi: ibara ya 202 inataja mambo ya serikali kuu peke yake, ya 203 yale ambayo serikali kuu na majimbo wanashirikiana, na ya 204 yale ya jimbo peke yake. Jeshi, uraia na sarafu ni vya Kinshasa. Barabara zenye faida kwa jimbo ni za jimbo. Mtaro mdogo unaoziba mbele ya nyumba yako, anza na bwana burgumesta wa komini yako. Ukiupeleka bungeni watakurudisha kwake, na watakuwa na haki.

Sisi wa jimbo hili la Haut-Katanga tuna jambo moja zaidi la kujua, nalo ni la migodi. Wengi wanadhani kila kinachotoka mgodini ni habari za Kinshasa. Sivyo. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa utawala wa chini palipo mgodi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 25% inaingia katika bajeti ya jimbo, na bajeti ya jimbo inapigiwa kura na wabunge wa jimbo. Kwa hiyo mtu wa Katuba akiuliza ile robo imefanya nini mwaka huu, hajaingilia kisichomhusu. Swali hilo ni lake na mlango wake ni huu.

Daraja letu liko kwenye njia inayounganisha komini mbili. Tulikwenda kwanza kwenye komini, tukapewa barua ya kusema kazi hiyo inapita uwezo wao. Barua ile tuliitunza vizuri. Bungeni ilitusaidia kuliko sauti zetu zote, kwa sababu hakuna aliyeweza kutuambia turudi komini.

Majira ya bunge

Bunge la jimbo lina vikao viwili vya kawaida kwa mwaka. Cha kwanza hufunguliwa tarehe 30 Machi, cha pili tarehe 30 Septemba, na kila kimoja huchukua kama miezi mitatu. Kile cha Septemba ndicho cha bajeti. Kama jambo lenu linadai fedha, na karibu kila jambo linadai fedha, mwezi wa Machi mnalisemea lisikike, mwezi wa Septemba mnalitafutia mstari katika bajeti. Anayekuja mara ya kwanza mwezi wa Novemba anakuta hesabu zimekwisha kupangwa.

Kati ya vikao wabunge wako likizo, wanarudi kwa wapiga kura wao. Huo ndio wakati wa kuongea nao, wametulia, hawakimbizwi na kengele. Na hapa nataka kusema jambo lililotushangaza: katika uchaguzi wa wabunge wa jimbo, mji mzima wa Lubumbashi ni jimbo moja la uchaguzi. Sisi tulikuwa tukimtafuta mbunge wa Katuba peke yake, na huyo alikuwa hapatikani. Kumbe aliyechaguliwa Lubumbashi ni wa Lubumbashi yote, komini zote saba, awe anakaa Ruashi au Kampemba. Aliyekuja kutusemea mwishoni anakaa mbali kabisa na mfereji wetu, na alikuja kuuona kwa miguu yake, viatu vikajaa matope. Mchague anayesoma barua mpaka mwisho na anayekuuliza maswali. Asiyekuuliza swali hata moja hatajua la kujibu waziri akimgeuzia maneno.

Wako pia wabunge wasiopigiwa kura na wananchi: machifu wa kimila wanaoingizwa bungeni, ambao kwa katiba hawawezi kupita sehemu moja ya kumi ya wabunge wote. Suala likiwa la ardhi ya kijiji, tuseme kule Kasenga au Mitwaba, hao ndio wa kuonana nao mapema.

Barua

Ibara ya 27 ya katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu katika miezi mitatu. Hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi la namna hiyo. Mama mmoja kwetu aliogopa kutia sahihi kwa sababu mume wake ni mtumishi wa serikali. Nilimsomea ibara ile mara mbili, kwa Kifaransa halafu kwa Kiswahili, akachukua kalamu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, ikaanza na uhuru wa nchi ikamalizia na Mungu, na daraja lilikuwa ukurasa wa tatu. Haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na mambo matano tu: sisi ni nani na tunakaa avenyu gani, kuna nini na kiko wapi, tangu lini, tulikwisha kumwona nani (tukabandika barua ya komini), tunaomba nini. Kwenye lile la mwisho hatukuandika “tunaomba msaada.” Tuliandika: “Tunaomba waziri wa jimbo anayeshughulikia barabara aulizwe bungeni ni lini daraja hili litajengwa na kwa fedha za mstari gani.” Mbunge wetu alisema sentensi ile ilimpunguzia kazi ya usiku mzima, kwa sababu ilikuwa tayari imekaa kama swali la bunge.

Andikeni kwa Kifaransa upande mmoja, na Kiswahili upande wa pili ili kila anayetia sahihi ajue anatia sahihi nini. Pigeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini kwa prezida wa bunge, ya pili inapigwa muhuri na kuandikwa tarehe, inarudi nanyi. Usiondoke bila muhuri. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinipokea vizuri sana, ikaniambia muhuri uko kwa mkubwa nirudi kesho. Niliporudi hakuna aliyekumbuka kama nilileta kitu. Tangu siku ile nakaa kwenye benchi mpaka muhuri uje. Benchi haidai pesa.

Siku yenyewe inaanza jana yake

Jana yake, saa za alasiri, tafuta ratiba ya siku, ile wanayoiita ordre du jour. Inabandikwa bungeni, na msaidizi wa mbunge wako anaweza kukutumia picha yake kwenye simu. Tazama mambo mawili: suala lako ni namba ngapi, na limeandikwa kwa jina gani. Kuna swali la mdomo, kuna swali la kuandika, kuna swali la jambo la sasa hivi, kuna enterpelasio ambapo waziri anaitwa kujieleza kwa ukali zaidi, na kuna kamati ya uchunguzi. Kila jina lina njia yake. Letu lilikuwa swali la mdomo lenye mjadala. Maana yake waziri anakuja mwenyewe, anajibu, wabunge wengine wanaruhusiwa kuingia, lakini mwisho hakuna kura ya kumwondoa.

Ukiona siku hiyo pana hoja ya kumwondoa waziri au gavana, ahirisha safari. Naeleza kwa kifupi kwa sababu watu wananiuliza sana: hoja ya kumwangusha waziri mmoja inataka sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge, ya kuiangusha serikali nzima ya jimbo inataka robo. Yapite masaa 48 kabla ya kura, na inapita tu kama zaidi ya nusu ya wabunge wote wameikubali. Siku kama hiyo ukumbi unajaa, askari wanaongezwa mlangoni, na hakuna mtu atakayesikia habari ya miti minne.

Vaa kikwembe (kitenge) safi au suruali ya heshima. Usivae fulana ya chama chochote. Chukua karte yako ya mpiga kura kwa ajili ya kujiandikisha mlangoni, daftari, kalamu mbili, maji, na kitu cha kula kisichonukia. Barua ya mwaliko inaweza kusema saa nne za asubuhi. Mimi nimewahi kukaa mpaka saa nane za mchana kabla ya kengele. Nilikuwa nakasirika. Siku hizi saa zile nazitumia: wabunge wanapita kwenye korido, waandishi wa habari wanapita, na watu wa kartie nyingine wako hapo na barua zao. Mzee mmoja wa Kipushi alinifundisha pale habari ya sentensi yenye swali. Nisingekutana naye ukumbini.

Jengo ni lile la 30 Juin, katikati ya mji. Lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia, na bado wazee wengine wanaliita teatri. Hapo ndipo lilipokaa bunge la Katanga nzima kabla ya mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Wateja wangu wa miaka mingi bado wanakumbuka sauti ya marehemu Gabriel Kyungu wa Kumwanza alipoliongoza bunge lile kuanzia 2007. Ni jengo letu. Ingia bila kuinama. Kikao cha wote, pleniere, ni cha wazi kwa wananchi isipokuwa wameamua kufunga milango. Ukiwa ndani usipige makofi, usizomee, simu iwe kimya. Aliyekaa upande wa wageni akipiga kelele anatolewa, na suala lake linabaki bila shahidi.

Nusu saa ya kwanza

Mbele wanakaa watu watano wa biro: prezida, makamu wake, mwandishi wa bunge na msaidizi wake, na yule wa fedha anayeitwa kestere. Wimbo wa taifa ukiimbwa, simama. Halafu wanahesabiwa waliopo. Pasipofika zaidi ya nusu ya wabunge, hakuna kikao. Halafu inasomwa taarifa ya kikao kilichopita, halafu prezida anasoma ratiba ya siku na kuuliza kama inakubaliwa.

Hapo usipepese macho. Ratiba uliyoiona jana bado si ratiba mpaka ikubaliwe. Mbunge anaweza kuinua mkono na kusema “mosio!”, yaani ana hoja, akaomba namba nne iwe namba saba, au itolewe kabisa. Mosio nazo zina aina: ya utaratibu, mtu anapoona kanuni za bunge zinavunjwa, ya kutoa habari, na ile ya kusema jambo hili halistahili kuzungumzwa leo. Mosio inasikilizwa kabla ya mambo mengine, ndiyo maana anayeijua anaweza kugeuza siku nzima kwa dakika mbili.

Ilitupata. Siku yetu ya kwanza daraja lilikuwa namba nne. Nikaona wanasoma taarifa ya kikao kilichopita, ndefu, nikatoka kununua maji. Niliporudi nilikaa nikisubiri namba nne. Ikaja namba nne, ikawa habari ya ushuru wa magari. Nikadhani nimekosea kuhesabu. Saa kumi na mbili za jioni kikao kikafungwa. Mwandishi wa habari kijana aliyekaa nyuma yangu aliniambia, kwa upole: “Mama, suala lenu liliondolewa asubuhi.” Nilikuwa nje nikihesabu chenji. Kama ningekuwepo, ningemwandikia mbunge wetu ujumbe mfupi, naye alikuwa na haki ya kusimama na kupinga. Alikuwa hajui kwamba tuko ukumbini. Kwa hiyo maji nunua Katuba, na mbunge wako ajue umekaa kiti gani.

Swali likifika

Mbunge aliyeuliza anapanda kwanza, anaeleza swali lake. Anafuata waziri wa jimbo. Serikali ya jimbo ina mawaziri wasiozidi kumi, kwa hiyo waziri mmoja anaweza kubeba wizara mbili tatu, na mara nyingi baada ya kusikiliza maswali anaomba masaa 48 akatafute majibu. Watu wa kartie wakisikia hivyo wanavunjika moyo, wanasema jambo limezikwa. Hapana. Waziri akipewa masaa 48, kikao cha kumsikiliza kinapangwa siku nyingine, na siku ile ndiyo yenye faida. Andika tarehe, rudi.

Mengi yanasemwa kwa Kifaransa. Mbunge akipandwa na hasira au huruma anarudi kwenye Kiswahili, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa kwenye katiba, kwa hiyo usijione mgeni. Kama Kifaransa chako si kirefu, nenda na kijana wa shule mkae bega kwa bega. Mimi nilikwenda na binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akawa ananinong'oneza. Mjadala ule ulimwingia. Baadaye alianza kuniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu.

Katika daftari piga mistari miwili ya kwenda chini upate sehemu tatu: nani, kasema nini, lini. Majibu ya waziri wetu yalichukua karibu nusu saa. Kwenye daftari langu yalibaki mistari mitatu. Wa kwanza: waziri, mafundi wameshapima mfereji, lini hakusema. Wa pili: waziri, kazi imo kwenye programu, programu ya mwaka gani hakusema. Wa tatu: waziri, mafundi watarudi kupima upya, kabla ya mwisho wa Juni. Mistari miwili ya kwanza haina kitu katika sehemu ya tatu, na huo upande mtupu ndio niliompelekea mbunge wetu kwenye kikaratasi: “Muulize programu ya mwaka gani.” Aliuliza. Waziri alipekua faili lake kwa muda, akataja mwaka unaofuata. Tukaupata mwaka.

Karatasi ya jioni

Jioni watu wamechoka. Nusu ya viti ni vitupu, waandishi wa habari wamekwenda kuwahi taarifa ya saa moja, na upande wa wageni mmebaki watu sita. Wakati huo ndipo mwandishi wa bunge anaposoma mapendekezo yaliyotokana na mjadala. Anasoma haraka. Kaa.

Siku ile alisoma: bunge linapendekeza serikali ya jimbo ijenge daraja “katika muda unaofaa.” Nikahisi tumbo likishuka. Muda unaofaa ni muda gani kwa mama aliyesimama ukingoni? Mbunge wetu, sauti imekwisha kukauka, akainua mkono, akasema: “Mheshimiwa prezida, naomba maneno hayo yaondolewe, iandikwe: kabla ya majira ya mvua.” Prezida akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna. Nikamwona mwandishi wa bunge akiweka kalamu juu ya karatasi, akipiga mstari mmoja polepole, akiandika juu yake kwa herufi ndogo. Ilichukua labda sekunde kumi. Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi kwa ajili ya sekunde zile.

Omba nakala ya mapendekezo. Si lazima siku ile ile, lakini omba kwa barua na muhuri, kama nilivyoeleza.

Na ujue pendekezo lina nguvu gani. Pendekezo si sheria. Sheria ya jimbo inaitwa edi, nayo inapita njia ndefu: inaletwa na serikali au na mbunge, inapokelewa na kikao cha wote, inapelekwa kwenye kamati, inarudi na ripoti, inapigiwa kura kipengele kwa kipengele halafu yote pamoja, gavana anaitia sahihi. Bajeti nayo ni edi. Ndiyo maana nilisema Septemba. Kamati inayochambua bajeti ni ile ya uchumi na fedha, wote wanaiita ECOFIN. Kamati kwa kawaida hukaa milango imefungwa, huwezi kuingia kusikiliza, lakini inaweza kupokea maandishi na inaweza kumwita mtu. Tuliipelekea ukurasa mmoja: nakala ya pendekezo, nakala ya barua ya komini, na picha moja ya daraja iliyopigwa saa moja za asubuhi watoto wakipita. Picha moja tu. Ukipeleka ishirini hakuna itakayotazamwa.

Mkirudi nyumbani

Usiku ule ule, kabla ya kulala, andika upya daftari lako kwa Kiswahili kinachosomeka. Kesho yake wasomee waliokutuma, hata kama habari ni mbaya. Sisi tunasoma Jumapili kwenye likelemba, kabla ya kuhesabu pesa. Nilipowaambia suala limeondolewa kwa sababu nilikwenda kununua maji, palikuwa kimya kidogo, halafu mama mkubwa wa kikundi akasema tutafute mtu wa pili wa kwenda nami. Nilishukuru sana. Kazi hii si ya mtu mmoja, anachoka, na akichoka anaanza kuwaficha wenzake mambo.

Kisha hesabu miezi mitatu kutoka tarehe ya muhuri na uitie alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku ikifika bila jibu, peleka barua fupi inayotaja tarehe ya kwanza na ibara ya 27, mistari mitano inatosha.

Dada yangu mdogo ameolewa Goma. Nilipomsimulia kwa simu habari ya kalamu ya mwandishi wa bunge, alinyamaza, akaniambia kwao tangu Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Nord-Kivu na utawala kupewa wanajeshi, bunge lao la jimbo lilisimamishwa, hakuna mahali pa kupeleka barua kama yetu. Tangu simu ile sijawahi kukosa siku ya kikao kwa sababu ya uvivu. Nikikosa, ni mgonjwa.

Mafundi walikuja mwezi wa Juni, wawili, na mita ya kukunja na kopo la rangi. Walipima upana wa mfereji mara tatu na kuandika namba nyekundu kwenye jiwe lililo upande wetu. Watoto wanaipita asubuhi na mchana, wengine wameijua kwa kichwa. Mstari wa bajeti bado tunautafuta. Tarehe 30 Septemba tutakuwa wanne, tumegawana saa, na mimi nimepewa za asubuhi, tangu kengele mpaka ratiba ikubaliwe.